Kuvu Ilayo Mchele na Kuua Nzige

Kusini magharibi mwa Tanzania, chini ya milima ya Ufipa, limelala bonde la Rukwa, ambalo ziwa lake huongezeka na kupunguka kwa kadiri ya mvua, na kila lipungukapo huacha mbuga pana za majani ambamo nzige wekundu hutaga mayai yao katika ardhi. Ni katika bonde hilo, na katika vinamasi vya Mweru wa Ntipa upande wa Zambia, ndimo yalimochimbuka makundi yaliyoanza kuruka mwaka 1930 na yasikome mpaka mwaka 1944, yakatapakaa sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini mwa ikweta, yakala mahindi, mtama na malisho ya wanyama pasipo kutambua mpaka wa dola yoyote. Msiba ule uliwafunza watawala wa zama zile ya kuwa nzige hazuiliki kwa mkulima mmoja mmoja kupiga debe shambani mwake, bali hana budi akomeshwe katika chimbuko lake kabla hajapata mabawa. Na kwa ajili hiyo mwaka 1949 iliundwa idara ya kimataifa ya kupambana na nzige wekundu, makao yake yakiwa Abercorn, mji ambao leo huitwa Mbala.

Kwa miaka mingi silaha ya vita hivyo ilikuwa sumu, na sumu haikuchagua: ilimwua nzige pamoja na nyuki, ikamwua na ndege aliyemla nzige, ikaingia katika maji na katika maziwa ya ng'ombe aliyechunga juu ya majani yaliyonyunyizwa. Lakini mwaka 2009, nzige wekundu walipozaliana tena kwa wingi katika mbuga za Iku na Katavi, katika bonde la Rukwa na katika bonde la mto Malagarasi, ndege zilipita juu yao zikanyunyiza dawa ya namna nyingine katika eneo lipatalo hekta 10,000. Dawa hiyo ilikuwa mafuta yaliyochanganywa na unga wa kijani, na unga ule ulikuwa viumbe hai, yaani chembe za uzazi za kuvu, ambazo wataalamu huziita spora. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba ilikuwa mara ya kwanza katika Afrika nzige kupigwa vita kwa upana namna ile kwa dawa iliyo hai.

Waliosoma habari zile walistaajabia ndege na nzige. Ni wachache waliouliza unga wenyewe ulitoka wapi, ilhali hapo ndipo penye kiini cha jambo lote, kwa sababu kuvu iuayo wadudu imekuwako duniani tangu dahari bila ya kumfaa mkulima neno kubwa, mpaka watu walipojifunza kuiotesha juu ya nafaka iliyopikwa, kwa usafi na kwa wingi. Ufundi huo huitwa uchachushaji wa yabisi, kwa kuwa kuvu hulishwa juu ya kitu kikavu chenye unyevu wa kiasi badala ya kuzamishwa katika maji. Na ndio ufundi ninaotaka kuueleza hapa, kwa imani kwamba ni amali iliyo karibu mno na uwezo wetu, na kwamba kuipuuza ni hasara ambayo hatuna sababu ya kuikubali.

Kwanza yafaa tujue jinsi kuvu hii imwuavyo mdudu. Bakteria na virusi viuavyo wadudu aghalabu havina budi vimezwe pamoja na chakula ndipo vidhuru, lakini kuvu haihitaji kuliwa. Spora moja, ambayo ni ndogo hata mia mbili zikipangwa safu moja hupata urefu wa milimita moja tu, hutua juu ya gamba la nzige na kugandama hapo. Ikipata hali iifaayo huchipua, ikatoa mche mwembamba ambao ncha yake hutanuka na kujishikiza barabara. Kisha huteremsha vimeng'enya viyeyushavyo gamba, na wakati huo huo husukuma kwa nguvu mpaka ikatoboa. Ikishaingia katika damu ya mdudu hugawanyika na kuongezeka, ikala akiba yake ya chakula na kumtia sumu, naye hupoteza hamu ya kula, akazubaa, akashindwa kuruka, na baada ya siku saba hadi ishirini na moja hufa. Maiti ya nzige aliyeuawa na kuvu hii huwa na rangi nyekundu ya kahawia, na akifia mahali penye unyevu, nyuzi nyeupe hutokeza katika maungio ya miguu na ya pingili za tumbo, halafu nyuzi hizo huvaa rangi ya kijani, na kijani hicho ndicho spora mpya zilizo tayari kumdhuru nzige mwingine.

Wazo la kuyageuza maradhi haya kuwa silaha si la jana. Mwaka 1835 Agostino Bassi, mtaalamu wa Italia, alithibitisha kwamba ugonjwa uliokuwa ukiangamiza viwavi wa hariri ulisababishwa na kuvu, na hiyo ilikuwa ithibati ya awali kabisa ya kuwa kiumbe kisichoonekana kwa macho chaweza kumtia mnyama ugonjwa. Mwaka 1879 Élie Metchnikoff, ambaye baadaye mwaka 1908 alishirikiana na Paul Ehrlich kupewa tuzo ya Nobel kwa elimu ya kinga ya mwili, aliikuta karibu na Odessa kuvu ya kijani juu ya mbawakawa waharibifu wa ngano, akashauri ioteshwe juu ya masimbi ya bia ili itawanywe mashambani. Na miaka michache baadaye mwanafunzi wa njia yake, Krassilstschik, alianzisha karakana huko Smela, katika nchi ya Ukraine ya leo, ili kuzalisha spora za kuwapiga wadudu wa viazisukari. Kwa hiyo, tangu mwanzo wa elimu hii, swali la mauaji na swali la malezi yalikwenda pamoja, maana hapana faida ya kujua kiuacho mdudu ikiwa hakipatikani kwa kilo.

Baada ya hapo zilikuja dawa za kemikali, ambazo zilikuwa rahisi kutengeneza, rahisi kuhifadhi na nyepesi kuua, na kuvu ikasahauliwa katika nchi nyingi. Haikusahauliwa kila mahali. Katika Brazili, tangu miaka ya 1970, spora za kuvu ya kijani zimekuwa zikizalishwa juu ya mchele uliotiwa katika mifuko ya plastiki na kunyunyizwa katika mashamba makubwa ya miwa ili kuua wadudu wafyonzao utomvu. Na katika China, kuvu nyeupe, ile ile aliyoichunguza Bassi, ilioteshwa vijijini ili kuilinda misonobari dhidi ya viwavi. Mafundi wa nchi hizo hawakuwa na mitambo ya ajabu. Walikuwa na nafaka, mvuke, usafi na subira.

Afrika iliamshwa na nzige wa jangwani, waliotapakaa kati ya mwaka 1986 na 1989 kuanzia Sahel mpaka Uarabuni, wakapigwa vita kwa sumu nyingi mno hata mataifa yaliyotoa fedha za vita hivyo yakaingiwa na hofu ya madhara yake. Ndipo mwaka 1989 ulipoanza mradi ulioitwa LUBILOSA, uliowakusanya pamoja wataalamu wa Uingereza, wa taasisi ya kilimo cha tropiki IITA katika kituo chake cha Cotonou nchini Benin, na wa Niamey nchini Niger, ukadumu mpaka mwaka 2002. Walikusanya kuvu nyingi kutoka kwa panzi na nzige waliokufa wenyewe porini, wakazijaribu moja moja, na mwisho wakaichagua moja iliyotoka Niger, ambayo leo jina lake la kitaalamu ni Metarhizium acridum. Fadhila yake kubwa ni kwamba huwadhuru nzige na panzi peke yao. Nyuki, ndege, samaki, ng'ombe na binadamu haiwafanyi kitu. Kutokana na kuvu hiyo ilitoka dawa iitwayo Green Muscle, ambayo ndiyo iliyonyunyizwa Tanzania mwaka 2009.

Hapa msomaji aweza kuuliza: kwa nini mchele? Kwa nini kuvu isioteshwe katika matangi ya maji yenye sukari, kama zinavyooteshwa hamira na dawa nyingi za hospitali, ambapo mtu mmoja na mashine moja huweza kutoa shehena kwa siku chache? Jawabu limo katika maumbile ya kuvu yenyewe. Ikizamishwa katika maji hukua upesi, lakini chembe izaazo humo ni laini, ngozi yake ni nyembamba, nazo hufa upesi zikikaushwa au zikipigwa na jua. Spora ya kweli, yenye ngozi ngumu ikataayo maji, iwezayo kukaushwa ikalala usingizi kwa miezi na kuamka shambani, huzaliwa hewani tu, juu ya nyuzi zilizotoka katika chakula na kukutana na upepo. Kwa hiyo chakula hakina budi kiwe kikavu cha kutosha kupitisha hewa, na kiwe na unyevu wa kutosha kuotesha, na kiwe na uso mpana kadiri iwezekanavyo. Punje ya mchele ina sifa zote tatu. Ndani yake mna wanga wa kulisha, umbo lake huacha nafasi baina yake na jirani yake, na punje elfu moja zilizotengana zina uso mkubwa kuliko bonge moja la uzito uo huo. Mtama na shayiri hufaa pia, na wako wazitumiao, lakini mchele ndio uliozoeleka.

Sasa tuingie katika chumba cha kazi. Kazi huanza na kisahani kidogo cha maabara chenye kuvu safi, isiyochanganyika na kingine chochote. Spora kidogo huchukuliwa humo na kutiwa katika chupa yenye maji ya sukari na masimbi ya hamira ya kiwanda cha bia, na chupa hiyo hutikiswa na mashine usiku na mchana kwa muda wa siku tatu, mpaka maji yanageuka kuwa mazito yenye rangi ya maziwa. Msomaji asidhani kwamba hapa nimejipinga, kwa kuwa chembe laini za majini, ambazo hazifai kupelekwa shambani, zafaa sana kuwa mbegu: zimekwisha kuchangamka, na zikimwagwa juu ya mchele huutwaa wote kabla ya mgeni mwingine hajapata nafasi.

Wakati mbegu ikikua, mchele huoshwa na kupikwa nusu. Hapo ndipo ustadi wa mikono upimwapo, kwa sababu mchele ukizidi maji hushikana na kuwa bonge, na katikati ya bonge hamna hewa, na pasipo hewa huota bakteria badala ya kuvu. Na ukipungukiwa maji, kuvu huanza kuota kisha ikakauka kabla ya kuzaa. Mpishi stadi wa pilau, ambaye huona aibu punje zake zikigandamana sahanini, angeielewa kazi hii kwa siku moja, maana punje inayotakiwa ni ile iliyoiva kidogo, iliyovimba, iliyosimama peke yake. Mchele huo hutiwa katika mifuko inayostahimili moto, ukawekwa ndani ya chombo cha mvuke wenye shinikizo, na kupandishwa joto mpaka digrii 121, ili kila kilicho hai ndani yake kife. Ukishapoa, humiminiwa mbegu ya majini katika mahali palipofungwa na kutakaswa, ukavurugwa, kisha ukatandazwa katika mabeseni yaliyofunikwa au ukaachwa mifukoni, katika chumba chenye joto la wastani wa digrii 25 hadi 28.

Siku mbili za kwanza mtu asiyezoea haoni kitu. Siku ya tatu punje hufunikwa na utando mweupe, na ukitia mkono juu ya beseni wasikia vuguvugu, kwa kuwa kuvu ikila hutoa joto. Na hilo ni jambo la kuangaliwa sana, maana tabaka la mchele likizidi unene, joto la katikati hupanda hata kuvu ikajiua kwa jasho la kazi yake yenyewe. Kwa hiyo mchele hutandazwa kwa kina cha sentimita chache tu, na utando ukianza kuzishikamanisha punje huvunjwavunjwa ili hewa ipite. Yapata siku ya tano au ya sita weupe huanza kupata kivuli cha kijani, na kufika siku ya kumi au kumi na mbili beseni zima ni kijani, na ukiligonga kidogo ubavuni vumbi laini huinuka. Vumbi hilo ndilo mavuno. Wafanyakazi hawana budi kuvaa vitambaa maalumu vya kufunika pua na mdomo, kwa sababu ijapokuwa kuvu hii haimwambukizi mtu, vumbi lolote likivutwa kila siku huweza kukidhuru kifua.

Baada ya hapo vifuniko huondolewa na mchele huachwa ukauke polepole katika chumba chenye hewa kavu. Kisha hutikiswa katika chekeche, au hutiwa katika mashine izungushayo hewa kwa nguvu, ambayo huzitenga spora na vipande vya punje. Ikabaki poda ya kijani iliyo safi, na gramu moja ya poda hiyo hubeba spora zipatazo bilioni 50. Poda hukaushwa tena mpaka unyevu wake uwe kama asilimia tano, ikafungwa katika pakiti zisizopitisha hewa. Jambo hili la mwisho laonekana dogo, lakini ndilo liamualo kama dawa itafika ikiwa hai, kwa sababu spora yenye unyevu huendelea kupumua na kujimaliza, ilhali iliyokauka barabara hulala. Na ikilala vema, tena ikawekwa mahali pa baridi, huweza kukaa zaidi ya mwaka na bado ikaamka.

Msomaji ataona kwamba hapana hatua hata moja hapa ipitayo akili au mfuko wa nchi zetu. Lakini tusije tukadanganyika na wepesi huo. Mchele uliopikwa ni karamu iliyoandaliwa, na hewa imejaa wageni wasioalikwa. Mmoja wao ni kuvu iitwayo Aspergillus flavus, nayo pia ni ya kijani, yenye umanjano kidogo, nayo pia yapenda nafaka yenye unyevu, na hiyo ndiyo izaayo sumukuvu. Wakenya hawajasahau kwamba mwaka 2004 watu 125 walikufa, wengi wao katika Ukambani, kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na Watanzania hawajasahau vifo vya mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mtu aoteshaye kuvu jikoni kwake, pasipo hadubini na pasipo mvuke wa kutosha, akafurahi kwa kuona rangi ya kijani, huenda amelea adui wa watu akidhani amelea adui wa nzige. Rangi si burhani. Burhani hupatikana kwa kutazama umbo la spora katika hadubini, na kwa kuotesha kiasi kidogo cha kila mavuno katika visahani ili kuona kama kuna kingine kiotacho pamoja nayo.

Hatari ya pili ni ya siri zaidi. Kuvu ikihamishwa kutoka kisahani hadi kisahani, kizazi baada ya kizazi, ikilishwa wanga wa bure, husahau ukali wake: huzidi kuota nyuzi nyeupe na kupunguza spora, na hata spora zake zikawa dhaifu mbele ya mdudu. Kwa hiyo mafundi waaminifu huweka mbegu ya asili katika baridi kali au katika hali ya ukavu kamili, wakaitumia kwa uchache, na mara kwa mara humwambukiza nzige hai na kuitoa tena kuvu katika maiti yake, ili ile iliyoshinda vita ndiyo ipandwe. Na hatari ya tatu ni spora zilizokufa. Poda iliyokufa ina rangi ile ile na uzito ule ule kama poda iliyo hai. Ili kuzipambanua, spora hunyunyizwa katika kisahani chenye chakula, na baada ya saa 24 fundi hukaa mbele ya hadubini akazihesabu, moja moja, zilizochipua na zisizochipua, mpaka afikishe mia tatu. Na kama katika kila mia hazikuchipua tisini au zaidi, mavuno hayo ni ya kutiliwa shaka.

Ugunduzi uliozipa spora hizi nguvu shambani ulihusu mafuta. Zamani ilisadikiwa kwamba kuvu haiwezi kumwua mdudu ila katika hewa yenye unyevu mwingi, na kwa hiyo haina kazi jangwani. Lakini wataalamu wa LUBILOSA walithibitisha ya kuwa spora zikichanganywa na mafuta badala ya maji hushikamana na gamba la nzige, zikaenea mpaka katika mikunjo yake, na kuchipua hata pale hewa ilipo kavu. Kadhalika mafuta huruhusu unyunyizaji wa matone madogo sana, hata hekta moja ikatosheka kwa lita moja au mbili, jambo lililo kubwa mahali ambapo maji yenyewe ni taabu kupatikana. Kipimo cha kawaida kilikuwa gramu 50 za spora kwa hekta, ambazo ni spora trilioni mbili na nusu. Kwa hesabu hiyo, hekta 10,000 zahitaji kilo 500 za poda. Na tukichukua kwa mfano kwamba kilo moja ya mchele hutoa gramu 30, basi poda hiyo yahitaji mchele wa tani 16 na zaidi, uliopikwa, ukapandwa, ukaangaliwa beseni kwa beseni. Mwenye kuipima hesabu hii ataelewa kwamba ulinzi wa mbuga unategemea karakana zilizojipanga, zenye watu waliozoea, kwa kuwa kazi kama hiyo haianzwi siku nzige waonekanapo.

Haki yataka pia tuseme kisichowezekana. Kuvu huua polepole, na kundi la nzige lenye ukubwa wa kilomita moja ya mraba huweza kula kwa siku moja chakula cha watu 35,000. Basi kundi likiwa limekwisha kutua penye mahindi, hapana faida ya kulinyunyizia dawa itakayoliua baada ya wiki mbili. Jua nalo huua spora zilizobaki juu ya majani. Nzige mwenyewe ana hila: akihisi maradhi huota jua mpaka mwili wake unapanda joto lisilopendwa na kuvu, na kwa njia hiyo huahirisha kifo chake. Mahali pa kuvu ni kule katika mazalio, mbali na mashamba, ambako tunutu bado hawana mabawa na siku kumi hazina thamani kubwa. Ni katika hifadhi za wanyama, kandokando ya mito, katika malisho ya wafugaji, na penye mizinga ya nyuki, ambako sumu hairuhusiwi au haistahili. Mwaka 2020, nzige wa jangwani walipoivamia Pembe ya Afrika, na Kenya ikapatwa na uvamizi ambao mfano wake haukuonekana kwa miaka 70, Somalia, nchi ambayo uhai wake umo katika ngamia, mbuzi na kondoo, iliichagua kuvu hii kuwa miongoni mwa silaha zake, ikaitumia kwa upana kwa ajili ya kuwalinda mifugo hao.

Wala nzige si adui pekee. Huko Nairobi, katika taasisi ya icipe, iliyoasisiwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, mwana wa Kenya aliyeamini kwamba elimu ya wadudu wa Afrika yapasa kuwa mikononi mwa Waafrika, watafiti wamezikusanya kuvu za aina nyingi kutoka katika udongo na wadudu wa nchi zetu, wakazipa namba na kuzipambanisha na vidukari vya mboga, nzi wa matunda, utitiri na kupe. Baadhi yake zimekwisha kusajiliwa na kuzalishwa kwa kuuzwa, na wakulima wa maharagwe, maembe na maua wa Kenya huzinunua dukani. Kuvu hizo hazikuletwa na meli. Zilikuwa zikilala chini ya nyayo zetu, zikingoja wa kuziokota na kuzilisha.

Kwa hiyo neno langu kwa wenye mamlaka ni hili: karakana za spora zihesabiwe pamoja na maghala ya chakula, zipewe fungu lake katika miaka ya amani, na ziendelee kufanya kazi kwa kuwahudumia wakulima wa mboga na matunda hata pale ambapo hakuna nzige hata mmoja angani, ili mafundi wasitawanyike na mbegu isiharibike. Kwa vyuo vikuu vya kilimo, vya Morogoro na vya kwingineko, nasema vijana wafundishwe kupika mchele huu kwa mikono yao, maana elimu ya kitabuni peke yake haimjulishi mtu ni lini beseni limezidi joto. Na kwa mkulima anunuaye pakiti ya dawa hii dukani, nasema aulize mambo matatu kabla ya kutoa fedha yake: ilitengenezwa tarehe gani, imehifadhiwa mahali pa baridi au juani, na spora ngapi katika kila mia zilipimwa zikaonekana hai. Muuzaji asiyeweza kujibu asiaminiwe. Mchele huchukua wiki mbili kugeuka kuwa silaha, na nzige hawamngojei mtu wiki mbili. Atakaye kuwashinda na aanze kupika sasa.